Mstari Mfupi

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemwagilia sukuma wiki. Nimesoma gazeti, nikajuta. Mbunge wetu amepewa ukurasa mzima: ati ni mpigania demokrasia wa tangu zamani. Kapigwa picha bustanini kwake Lavington, nyuma ya ukuta ambao hata demokrasia ingeombwa kitambulisho getini pake. Mjukuu wangu Wanjiru amecheka hadi chai ikamtoka puani. Kesho anaenda mjini kuandamana. Nimemwambia avae viatu vya kukimbilia.

Ijumaa, 5 Septemba
Wamemkamata. Alikuwa ameshika bendera tu.
Bila shaka ni Ijumaa. Sheria inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne, lakini korti haziketi wikendi. Basi ukitaka kumtesa mtu kihalali, mkamate Ijumaa. Katiba hawaisomi. Kalenda wanaijua.
Wanjiru ana pumu. Dawa yake nimeipeleka kituoni. Aliyeipokea simwamini.

Jumamosi, 6 Septemba
Mbunge amekuja mwenyewe hapa Muthangari, gari lake limeziba njia. "Mwalimu wangu! Huyo msichana ni kama wangu. Ni simu moja tu."
Simu moja, kwa bei yake. Kesho kanisani nimtolee ushuhuda kwamba mwaka wa uchaguzi wa mlolongo tulipanga foleni pamoja kutetea haki.
Vijana hawaujui mlolongo. Hakukuwa na karatasi za kura. Ulisimama nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, vichwa vikahesabiwa. Kuhesabu walihesabu. Kutangaza ilikuwa kazi nyingine.
Nimekubali. Nimejidharau. Yeye nimemdharau zaidi.

Jumapili, 7 Septemba
Nilipokea maikrofoni nikiwa na uongo wake mdomoni. Ukakataa kutoka.
"Bwana asifiwe. Ni kweli, siku ile tulikuwa na Mheshimiwa uwanja mmoja. Mstari wetu ulizunguka shule. Wa kwao ulitoshea kwenye kivuli cha mti mmoja. Jioni mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Mheshimiwa alikuwa kwenye huo mfupi, na hajawahi kuuhama. Tumpigie makofi."
Kisha mama mmoja wa kwaya akacheka, kanisa zima likafuata. Mbunge naye akapiga makofi, kwa sababu ya kamera. Mtu mtupu kabisa.
Simu hakupiga. Kituoni wamenikatalia kumwona Wanjiru. Naogopa. Ulimi ni wangu, anayelala sakafuni ni yeye.

Jumatatu, 8 Septemba
Kortini mapema. Wanjiru kasimama kizimbani, macho mekundu, anapumua kwa shida. Dawa haikumfikia. Nguruwe.
Hakimu amekubali dhamana. Karani akauliza nani atamdhamini. Nikainuka. Nyuma yangu nikasikia viti vikilia: akina mama wa kanisa, kila mmoja na kitambulisho mkononi, wamejipanga hadi nje ya mlango.
Njiani ameuliza, "Guka, kwani ulisema nini kanisani?"
Nimemwambia nilisalimia tu.
Sasa amelala. Nimeacha mlango wazi nimsikie akipumua.