Siku ya Mvua Tulikuwa Watatu

Mtani wangu Magesa,

Najua ungekuwepo ungenicheka mpaka ukohoe: kinyozi anaandikia kaburi! Cheka tu. Jumapili nilipanda gari hadi Butiama, nikatembea mpaka kwenye shamba la kwenu, nikakaa pale ulipolala nikitaka kukwambia kwa mdomo, nikashindwa. Mdogo wako alikuwa anapalilia mihogo pale karibu, na haya si maneno ya kusikiwa na mtu. Kwa hiyo naandika. Nikimaliza barua hii naitia jikoni kwenye moto, maana siku hizi karatasi naziogopa.

Kwanza habari za Bunda. Maduka yamejaa, mtani. Sabuni ipo ya kila rangi, wanawake wanainusa na kuirudisha, eti haina harufu nzuri! Sukari inapimwa mchana kweupe. Unakumbuka mawe ya redio tulivyokuwa tunayaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu ya kutufikisha kipindi cha pili? Sasa yanauzwa mpaka na mama wa dagaa. Vyama navyo viko vingi, bendera zinagombania nguzo pale stendi. Ila mitumba imewamaliza mafundi cherehani. Nani ashone suruali wakati ya Ulaya inauzwa imerundikwa chini kwenye turubai? Nyangeta wako anaishi kwa sare za shule na viraka.

Ndiyo, Nyangeta. Yule aliyekuwa anatuletea uji akiwa na yunifomu ya shule, sasa ni mama mtu mzima. Mwaka jana amefungua tena kibaraza chako pale Manyamanyama, kaweka cherehani yako palepale, na kichwani kavaa kofia yako ya njano, ile uliyoiunguza kwa pasi. Alinifuata mwenyewe Makoko, nilikohamia baada ya kukuzika, akasema, "Mtani wa baba, rudi na kioo chako, kibaraza hakina kelele." Hivyo ndivyo anavyoniitaga, mtani wa baba, hata sokoni mbele za watu. Nikawaacha mke na wajukuu huko Makoko, nikarudi. Kiti changu kiko upande uleule, na redio iko katikati yetu kama zamani.

Na bunge la haftaimu limerudi. Nyangeta kalirudisha na sheria zako zote. Mpira ukiwa unatangazwa, siasa marufuku. Refa akipuliza mapumziko, redio inapunguzwa sauti na kila mtu ana ruhusa ya kusema lililomkaa rohoni. Ila kwanza avue kofia ya timu yake aiweke juu ya redio, ya njano kwa nyekundu pamoja, ili aseme kama mtu na si kama shabiki. Ukisema siasa na kofia kichwani unatoa faini ya chai. Mimi na nyekundu yangu nilitoa chai nyingi, unajua mdomo wangu. Mgeni naye hapewi kigoda mpaka afanye mtihani: ataje kikosi cha timu yake cha zamani bila kubabaika, halafu tumtazame uso bao likiingia. Ulikuwaga unasema mtu anaweza kudanganya jina, kazi na kabila, lakini bao haliwezi.

Jamani, Magesa. Hapo ndipo tulipoumia.

Unamkumbuka Sospeter. Mtu wa pamba, alivyojitambulisha, kaletwa msimu wa ununuzi na hana ndugu hapa mjini. Alitaja kikosi chenu chote mpaka wa akiba. Na siku tulipowafunga ninyi dakika za mwisho, alilia machozi kabisa, akajifuta kwa kofia. Wewe ukamshika bega ukasema, "Huyu ni wetu." Ukampa kigoda cha kando yako, na tangu siku hiyo alikuwa anakula kwako.

Sasa niruhusu nikurudishe siku ya mvua. Ni ule wakati wa msako, mtu akikutwa na kilo mbili za sukari chini ya kitanda anaitwa mlanguzi. Mvua ilinyesha kuanzia saa za mchana, watu hawakuja mpirani. Tulikuwa wewe, mimi na Sospeter tu. Hata mama Nyangeta alikuwa Musoma kwa dada yake. Haftaimu ukavua kofia ukaiweka juu ya redio, na kwa kelele za bati ikabidi upaze sauti. Ulisema sukari ya duka la kijiji inaingia kwa mkubwa kupitia mlango wa nyuma, halafu anayefungwa ni mjane wa Guta mwenye furushi moja. Sospeter akaitikia polepole, "Na wewe unaonaje, mkubwa gani huyo?" Ukamtaja. Mimi nilikuwa nafuta wembe, nikakwambia, "Mtani, punguza, haftaimu imeisha." Ukacheka. Ukasema tuko nyumbani.

Wiki hiyohiyo Sospeter akaaga, kahamishiwa Mwanza. Siku chache baadaye likaja lile gari, likakuchukua na tepu yako ya kupimia bado shingoni.

Uliporudi umekonda na kifua kinakwaruza, ulikuja kwangu kabla ya kwenda kwako. Ulikaa kwenye kiti changu nikakunyoa zile ndevu, na ukanieleza. Walikusomea maneno yako, mtani. Mlango wa nyuma, mjane wa Guta, jina la mkubwa, vyote kama ulivyovitamka. Halafu ukanieleza lile la mechi. Kwamba siku ya mechi ya watani ulikuwa mle ndani, na ukashindwa kujizuia, ukamuuliza yule aliyekuwa anakuhoji, samahani mzee, mpira umeishaje? Akakuzaba kofi. Halafu, akiwa anakaa, akakwambia: sare, bila kwa bila. Ulicheka ukinieleza, na machozi yakakutoka. Ukaniapisha. Ukasema hilo la kuulizia mpira ni aibu, hata mama Nyangeta asilijue. Sijamwambia mtu. Haki ya Mungu, sijamwambia mtu mpaka leo.

Nilikwambia palepale, ni Sospeter. Ukanijia juu! Ukasema, "Shabiki wetu hawezi, nilimwona akilia." Nikaendelea kunyoa, nikajua hasira zitapoa utafikiri vizuri. Na kweli ulikwenda kufikiri. Siku ya mvua tulikuwa watatu. Ukijitoa wewe, na ukimtoa wa njano mwenzako, anabaki nani? Anabaki mwekundu mwenye wembe.

Hukunitamkia. Afadhali ungenitamkia, ningekutukana, tungerushiana vigoda, yakaisha. Ila siku ya pili yake nilipita kukusalimia, na badala ya kuniita mtani kama ulivyoniita tangu ujana wetu, ukasema, "Karibu, ndugu Masatu." Ndugu! Kama tuko kwenye mkutano wa tawi! Na ndivyo ulivyoniita mpaka ulipokufa, masika yaliyofuata. Nilikuosha, nikakunyoa mara ya mwisho, nikabeba jeneza lako mpaka Butiama, na neno hilo lilikuwa limenikaa hapa kooni kama mwiba wa samaki ningu. Lipo mpaka sasa.

Kwa nini nakusumbua leo baada ya miaka yote hii? Kwa sababu Sospeter amerudi.

Alitokea mwanzoni mwa msimu huu wa pamba, kanenepa, mvi kidogo. Anasema sasa yuko na wanunuzi binafsi. Nyangeta alipomtambua kuwa ni yule rafiki wa baba yake alimpigia magoti, akamwita baba mdogo, akampa kigoda chako. Siyo kile cha kando, Magesa. Chako. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi nikamkata kidogo juu ya sikio.

Kabla hajaja, bunge letu lilikuwa la kupiga kelele tu. Watu wanatukana bei ya pamba, wanatukana chama, wanatukana na upinzani, halafu mpira unarudi wanasahau. Siku hizi kuna kautaratibu fulani. Sospeter huwa wa kwanza kuvua kofia, lakini mwenyewe hasemi kitu. Anasubiri Nyangeta apate moto, na binti yako ana moto wako uleule, halafu anainama mbele anauliza polepole, "Na wewe unaonaje, mwanangu, ni nani hasa huyo?" Na Nyangeta anataja. Anataja nani kauza viwanja vya soko, nani kachukua mashine za jineri ya pamba, kwa majina, mbele ya redio. Watu wanapiga makofi. Sospeter hana daftari wala kalamu, anasikiliza tu na kutikisa kichwa.

Nilijiambia labda namwonea. Nyakati zimebadilika, watu wanasema sasa ni ruhusa. Labda ni wivu wangu wa kizee. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka mwezi uliopita.

Ilikuwa baada ya mechi, watu wachache, Nyangeta anashona. Sospeter alikuwa amefurahi, mmeshinda. Akaanza kukusifia. Akasema, "Baba yako alikuwa shabiki wa kweli, hata kule ndani aliulizia mpira! Akaambiwa sare, bila kwa bila." Akacheka. Nyangeta naye akacheka, halafu akasimamisha cherehani akasema, "Hiyo mbona baba hakutusimulia?"

Magesa, sikiliza. Mtu aliyeondoka Bunda kabla hujakamatwa, na hamkuonana tena, kajuaje kuwa uliulizia mpira mle ndani? Nikainua macho kwenye kioo changu, na yeye alikuwa ananitazama humo humo kwenye kioo. Hakucheka tena. Alijua kuwa nimejua.

Kesho yake asubuhi alikuja kunyoa ndevu. Nilikuwa peke yangu. Akakaa, akaegemeza kichwa nyuma, shingo yote wazi, akafumba macho. Nilipomwekea wembe akasema, taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua, "Wajukuu wako hawajambo, Masatu? Ile nyumba ya Makoko iko karibu sana na ziwa kwa watoto." Sikuwahi kumwambia familia yangu iliko. Nilimnyoa mpaka mwisho. Sijui nilimnyoaje. Akaniachia pesa kwenye kiti akaenda zake.

Tangu siku hiyo kuna gari jeupe linaegeshwa ng'ambo, karibu na mashine ya kusaga, jioni jioni. Halishushi mzigo wala halipakii. Mke wangu kaniletea salamu kuwa kuna kijana kapita Makoko kuulizia kama tunauza nyumba. Na watu wawili waliokuwa wakichangia sana haftaimu, mmoja mwalimu, mmoja wa stendi, hawaji tena. Ukiwauliza wanasema wana kazi nyingi. Kazi gani Jumapili saa kumi? Nyangeta haoni. Anasema wameacha kwa sababu timu yao inafungwa.

Basi nikasema nitamwambia. Nikapanga niende Jumatatu asubuhi mapema, kabla vigoda havijatoka, nimweleze yote, siku ya mvua, sare, kioo. Usiku kucha nilikuwa napanga maneno. Nikafika, akawa anafagia. Nikasema hodi. Hakuniangalia usoni. Akaendelea kufagia, akasema, "Shikamoo, ndugu Masatu."

Ndugu. Neno ambalo siku hizi hata wenye chama wanalisahau! Nilishika nguzo ya kibaraza. Nani aliyemfundisha neno hilo, Sospeter? Hapana, yeye alikuwa ameshaondoka ulipoanza kuniita hivyo. Ni Nyangeta mwenyewe alilisikia utotoni akileta uji, na sasa kapewa sababu yake. Nilimuuliza, mwanangu, umeambiwa nini? Akasema, "Nimeambiwa siku ile mlikuwa watatu." Akaingia ndani akafunga mlango.

Ulimwachia kofia, mtani, na ukamwachia na hesabu yako. Nimekukasirikia, sikufichi. Pale kaburini Jumapili nilitaka nilipige teke. Nilikutunzia aibu yako miaka yote hii, na wewe ulikwenda ukiamini kwamba mimi, niliyekula nawe furu wa kuchoma kwenye jani moja, nilikuuza. Kwa sababu ya rangi ya kofia! Ungeniuliza tu. Mara moja tu, ungeniuliza.

Hasira imepungua sasa nikiandika. Mkono umechoka.

Jumapili ijayo ni mechi ya watani. Kibaraza kitajaa mpaka barabarani. Ahadi yangu kwako ni hii. Refa akipuliza haftaimu, nitasimama kabla ya Sospeter, nitavua nyekundu yangu niiweke juu ya redio, na nitasema. Sitaitaja serikali wala chama. Nitamsimulia Nyangeta, mbele ya watu wote, jinsi baba yake alivyoulizia mpira akazabwa kofi, na nitamwomba amuulize baba mdogo wake ameyasikia kwa nani. Aibu yako nitakuwa nimeitoa nje, nisamehe. Anaweza asiniamini. Huyo ni wa njano, mimi ni mwekundu, na wewe mwenyewe ulimwona akilia. Lakini akishauliza swali hilo kwa mdomo wake, wataliona jibu usoni mwa Sospeter, wote. Hata bao halijawahi kuonyesha uso wa mtu hivyo.

Mke na wajukuu nimewaambia Jumamosi waende Ukerewe kwa shangazi yao. Wembe nimeunoa, kwa kazi ya kawaida. Lile gari jeupe liko ng'ambo sasa hivi ninavyoandika, na taa zake zimezimwa.

Lala, Magesa. Kama nikichelewa kurudi kutoka mechini, au kama nikija huko kwako mapema kuliko nilivyopanga, usinikaribishe kwa lile jina lako la mkutano. Niite vizuri.

Mtani wako,
Masatu