Foleni Isiyo na Pamba

Bariadi

Mama yangu,

Shikamoo. Malaria imeniacha, nakula vizuri, na lile koti ulilonifungia bado liko sandukuni, maana baridi ya Lushoto huku hawaijui. Kikohozi chako je? Na Bibi, bado anakataa kuteremka aje kukaa nanyi? Tafadhali usimlazimishe kabla hujamaliza barua hii.

Mkuu wangu wa kazi alinituma Dutwa, mji mdogo si mbali na hapa, niandike historia ya kituo cha wazee. Kituo chenyewe ni ghala la pamba walilolijenga wakulima enzi za ushirika. Sasa mnunuzi mmoja binafsi analitaka, na kamati ya halmashauri ilitaka kuisikia historia hiyo kabla ya kuamua.

Niliwakuta wamekaa barazani kwenye benchi refu. Nikaamkia, nikaketi penye nafasi. Mayu Mbuke, yaani Mama Mbuke kwa Kisukuma, akanigeukia.

“Karani, umelima pamba msimu gani?”

“Sijawahi, mayu.”

“Basi mbona umeruka foleni?”

Wakacheka. Nikasimama. Mzee Sayi, aliyekaa mbele ya Mayu Mbuke, akanihurumia akanieleza. Zamani, siku za kununua, walipanga foleni hapo na magunia yao wakingoja mizani. Katika kungoja ndimo walimoposeana watoto, wakamaliza ugomvi wa malisho, wakapeana habari za misiba. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, magari yakaanza kuifuata pamba majumbani, ghala likafungwa. Vijana nao wakaenda machimboni.

“Nilibaki na kuku,” akasema Mayu Mbuke. “Na kuku ukimsalimia haitikii.”

Basi siku moja ya soko akaja akaketi pale alipozoea kungoja. Soko lililofuata, Mzee Sayi akaja akaketi mbele yake, kwa kuwa ndiyo zamu yake. Wengine wakafuata, kila mtu mahali pake. Baadaye katekista akawaombea ufunguo, akina mama wakaanza kupika uji, muuguzi akawa anapita kuwapima presha. Nafasi niliyoikalia mimi ilikuwa ya marehemu jirani yake Mayu Mbuke, aliyekuwa akimfuata kwenye foleni.

Haya yote niliyaandika kwa uangalifu, Mama, ila juu nikaweka “Kituo cha Kulelea Wazee”, kama tunavyozoea kuandika ofisini. Kwenye kikao, mjumbe mmoja akaling'ang'ania neno hilo.

“Kama ni kulelewa, watalelewa popote. Wapelekwe kwenye makazi ya wasiojiweza, ghala likodishwe.”

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Wazee walikuwa wameketi nyuma. Mayu Mbuke alinitazama, na safari hii hakucheka.

Unanijua, hata kuomba ruhusa darasani nilikuwa natetemeka. Nikanyoosha mkono. Nikasema neno “kulelea” ni langu, si lao, na nimelikosea. Hawa hawalelewi na mtu. Wamekuja kwa miguu yao, na kila mmoja anajua anamfuata nani. Wakitawanywa, hakuna makazi yatakayowapa foleni hiyo. Mkuu wangu akaniambia nikae. Mwenyekiti akasema, “Mwache amalize.” Nilikuwa nimeshamaliza, Mama, lakini niliogopa kusema hivyo, nikarudia yote tangu mwanzo.

Ghala wameachiwa wazee. Mnunuzi atatafutiwa kiwanja kando ya barabara. Mkuu wangu bado ananijibu kwa mkato, na hilo linanikosesha raha, lakini nikiulizwa tena nitasema yale yale.

Juzi niliwapelekea historia iliyosahihishwa. Nikasimama pembeni, siku hizi sithubutu kuketi ovyo. Mayu Mbuke akaipigapiga ile nafasi iliyo wazi nyuma yake.

“Kaa, Karani. Na uwe unakuja, hapa hatushikiani nafasi.”

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujamteremsha Bibi, umuulize kule juu huketi na nani, na nani ataachwa na pengo kando yake.

Nisalimie Baba, umwambie viatu alivyonishonea vinalimudu vumbi la huku. Msalimie Mjomba Shekue, fundi wetu wa saa, na mdogo wangu Amina anayejiandaa kwa mtihani. Bibi usimpe salamu tupu. Msomee barua yote, polepole, akiwa ameketi mahali pake.

Ni mimi mwanao, wa nyuma ya Mayu Mbuke,

Halima