Misumari Nyuma ya Bweni

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na mama hajambo. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Unakumbuka nilivyozunguka chuo kizima nikikusanya saini ili tuwekewe umeme wa sola? Wamekubali. Ila mapaa wanasema ni mabovu, kwa hiyo watafyeka miti yote nyuma ya bweni letu na kusimika sola pale. Eti ndiyo kutunza mazingira, na tangazo lao limeitaja klabu yangu ya mazingira kwamba ndiyo iliyoomba. Mkandarasi anatafuta watu wenye misumeno ya mashine. Akifika kwako, nakusihi ukatae.

Mwanao

7 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Mgonjwa ni simu, bado imelazwa kwa fundi, ndiyo maana namsumbua dereva wa basi kwa makaratasi.

Mkandarasi alikuja, nikamkatalia. Alinicheka, eti mkata miti anaionea miti huruma. Nami nikacheka, ingawa tangu msitu ufungwe sijawasha mashine. Wewe soma, na ule.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama naye hajambo? Barua yako ilinitoa machozi ya furaha. Hayakudumu. Tulikaa mlangoni kwa mkuu wa chuo mpaka walinzi wakatuburuta nje, na leo nimesimamishwa masomo. Nalala kwa rafiki, nje ya geti.

Jana, kabla sijatolewa, tulipigilia misumari kwenye mashina, mirefu, usawa wa kiuno. Vichwa tumevizamisha tukavipaka udongo. Si wewe uliyesema unachokiogopa ni msumari ndani ya mti? Atakayekuja cheni ya msumeno itamkatikia, atakwenda zake. Najua si vizuri, baba. Nimeishiwa njia. Usimwambie mama.

Mwanao

12 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Sisi tunajikongoja.

Utanichukia. Mkandarasi alirudi na nimekubali. Kila nikimkaribisha mama yako chakula anasema hana njaa, na sasa ni wiki nzima hana njaa. Nimeshindwa kumtazama. Kesho asubuhi naanza kazi hapo chuoni kwenu. Ukiona haya mbele ya wenzako, nipite tu kama hunijui.

Baba yako

13 Machi

Baba,

Dereva amenipa barua yako sasa hivi. Usiguse mti wowote. Tumepigilia misumari kwenye miti yote, nilikuandikia jana ila barua najua hujaipata. Hawaniruhusu kuingia, nimemwomba mlinzi akukimbizie karatasi hii. Nimepiga kelele hapa getini mpaka sauti imekauka, na mashine nasikia imeshawaka. Izime, baba. Nakuomba, izime.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi naendelea, wala usiyasikilize ya watu. Samahani kwa mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia umebaki na vidole viwili.

Karatasi yako mlinzi alinifikishia nikiwa nimeshaanguka. Waliponiuliza, nikasema ni msumari wa zamani wa kamba ya nguo. Wameamini. Mama yako nimemwambia hivyo hivyo, nawe shikilia hapo hapo. Sitakudanganya kwamba sina uchungu nawe. Ninao, na bado wewe ni mwanangu.

Sasa nisikilize. Mkandarasi amepata mtu mwingine, anaanza Jumatatu. Nimemkanya mtu huyo, anadhani namwonea wivu wa kazi. Ruka ukuta ukibidi, ukang'oe misumari yote, hata kama miti itakatwa yote. Huyo anayekuja naye ni baba wa mtu.

Baba yako