Rupia za Shangazi Zina Bei Gani?

Jumapili, jioni. Mvua ilianza tukiwa bado kanisani, ikakatika alasiri, na sasa Nyakahanga yote inanukia udongo na maua ya kahawa. Mwili umechoka ila kichwa hakitaki kulala. Kinauliza maswali tu.

Leo tumeuza rupia za shangazi.

Shangazi Laurensia, dada wa baba, aliishi Kimuli na aliuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, hapo hapo nyumbani kwake. Hakujaliwa mtoto. Mama yetu alipofariki alitulea yeye, mimi na kaka yangu Deus. Wateja wake walikuwa wachungaji wa ng'ombe, wachuuzi wa kahawa na watu waliovuka mpaka kutoka Uganda na Rwanda, na wazee wengine walimlipa kwa hela za zamani ambazo dukani hazipokelewi. Yeye alipokea. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akalisukuma chini ya kitanda.

Alipokaribia kutuacha, alitukabidhi kopo hilo sisi wawili. Alisema tuziuze, tugawane, ila tusiibiwe.

Tusiibiwe! Utajuaje umeibiwa kama hujui ulichonacho kina thamani gani?

Deus anaishi Igurwa, analima migomba na kahawa, na ana watoto watatu shuleni. Yeye alitaka mambo yaishe haraka. Huku kwetu nani hajasikia habari za rupia ya Mjerumani inayovuta mchele? Wanasema ukiisogeza karibu na punje za mchele, punje zinairukia, na rupia ya namna hiyo inanunuliwa kwa mamilioni. Basi mwezi uliopita Deus akapata mnunuzi. Alikuja kwa gari, amevaa koti, ana sinia lake na mchele wake kwenye mfuko.

Nilikuwepo. Aliweka punje chache kwenye sinia, akashika rupia moja juu yake, na kweli, punje zikatikisika. Wifi yangu Jane alishika mdomo. Yule bwana akasema hiyo moja tu ni milioni hamsini. Ila kwanza tumpe laki tatu za dawa ya kuituliza, isije ikapoteza nguvu njiani. Deus alikuwa ameshasimama. Nilijua anakwenda kumtafuta mtu wa kununua ndama wake.

Sisemi nilikuwa jasiri. Mimi nauza dawa za mifugo, na kila wiki kuna mtu anayetaka kuniuzia dawa ya kupe ambayo ni maji yenye rangi, kwa hiyo mkono umeshazoea kugeuza chupa na kusoma nyuma. Nilitaka tu kuona inakuwaje. Nikamwomba Jane alete mchele wa jikoni na sinia letu, nikamwomba bwana aweke mikono yote miwili mezani, rupia niishike mimi.

Mchele ulitulia kama mchele.

Yule bwana alisema rupia imeona haya mbele ya mwanamke. Akakusanya vitu vyake, akaondoka.

Nilidhani Deus atanishukuru. Badala yake alininyamazia karibu wiki nzima, na aliponipigia simu aliniambia nimemfukuza mnunuzi. Iliniuma, lakini nilimwelewa. Milioni hamsini zilikuwa zimeshaingia kichwani mwake, zimeshalipa ada, zimeshaezeka nyumba. Mimi ndiye niliyezitoa.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta mwenyewe. Nilipiga picha, nikawatumia watu wanaonunua sarafu za kale. Mmoja alitaka nizitume kwa basi, halafu atalipa akizipokea. Mwingine alitaka kuzinunua kwa kilo, kama vyuma chakavu. Wa tatu, mtu wa Mwanza, alinitajia bei ya kila moja bila hata kuuliza swali. Kisha nikampata mama mmoja wa Bukoba, mwalimu mstaafu, ambaye hakutaja bei kabisa. Aliuliza. Nyuma imeandikwa nini? Imetobolewa? Ukingo una mistari? Nilijikuta nimekaa dukani na rupia mkononi, nahesabu mistari, wateja wananisubiri.

Nikampenda kwa maswali yake. Nikamwambia aje, lakini tukutane kwa Deus, kaka yangu aone kila kitu kwa macho yake.

Alifika leo mchana kwa bodaboda, matope hadi magotini. Jane alimkaribisha kwa kahawa za kutafuna, akatafuna kama mtu wa nyumbani. Akatandika kitambaa cheupe mezani, akatoa mzani mdogo na lenzi. Deus akaleta kopo, akamimina.

Zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi.

Kaka yangu alikuwa ameamka alfajiri akazisugua moja moja kwa majivu na ndimu, kwa sababu mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Alisimama pale akitabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu tumzike shangazi.

Yule mama alichukua moja, akaitazama kwa lenzi, akaiweka chini. Akachukua nyingine. Kisha akaeleza, kwa sauti ya upole sana, kwamba wakusanyaji wanapenda sarafu na weusi wake wa miaka, na ikisuguliwa bei hushuka. Wakati mwingine hushuka hadi nusu.

Deus alitoka, akasimama barazani akitazama mvua.

Nilibaki na yule mama. Alitenga rupia za fedha upande mmoja na sarafu nyingine za kawaida upande mwingine, na katikati akaweka sarafu moja kubwa ya shaba ambayo mimi niliidhania ya hovyo kuliko zote. Akaniambia hiyo ni heller tano, hela ndogo ya enzi za Mjerumani, ilitengenezwa kwa muda mfupi, na hata ilivyosuguliwa ndiyo yenye bei kubwa pale mezani. Nilimuuliza kwa nini ananiambia, wakati angeweza kuipitisha kimya pamoja na nyingine.

"Mwanangu," alisema, "mimi nanunua sarafu. Ujinga wa mtu sinunui."

Hata hivyo nilimpigia yule wa Mwanza palepale. Bei yake ilikuwa chini ya ile aliyonitajia mama. Tukavutana kidogo na mama, yeye akianzia laki saba na mimi tisa, tukaishia laki nane na nusu. Alilipa kwa simu, akafunga zake kwenye kitambaa, akaondoka. Sarafu za Uganda, za Rwanda na senti zenye tundu alituachia. Alisema hizo hazina mnunuzi.

Nimeuza kwa haki? Naamini ndiyo. Ningepata zaidi bila yale majivu? Ndiyo pia.

Deus aliniita nyuma ya jiko. Hakuniangalia usoni.

"Adve, hasara ni yangu. Itoe kwenye fungu langu."

"Shangazi alisema tugawane, kaka. Hakusema tupimane."

Nikamtumia nusu yake palepale, simu yake ikalia mfukoni. Hakuitoa kuisoma. Alifuta uso kwa kiganja, akaingia ndani, akarudi na kopo lenye zile zilizobaki. Akaniuliza senti zilitobolewa kwa nini. Akaniuliza yule aliye kwenye ile ya Uganda ni ndege gani, maana ana shingo ndefu na kishungi. Akanionyesha moja yenye alama ndogo ukingoni, anasema aliihisi kwa kidole wakati anasugua, na anadhani ni jino, kwamba kuna mtu aliwahi kuing'ata kuona kama ni ya kweli. Alikuwa amezitazama zote, kwa karibu kuliko mimi na picha zangu.

Tulikaa kwenye mkeka tukisoma herufi zilizofutika hadi bodaboda wangu akapiga honi mara ya pili.

Miaka yote nimejiona mimi ndiye mwenye kuuliza katika familia hii. Je, nimewahi kumuuliza kaka yangu yeye anashangaa nini?