Ngata ya Kiunoni

Jumatatu, 5 Juni 1978

Nguzo nne za simu leo, ukingoni mwa kreta. Ukungu tangu asubuhi. Mkoba wa vifaa umenichubua tena nyonga ya kulia, palepale penye mfupa. Koleo, nyundo, spana, misumari, vyote vinaning'inia kwenye mkanda mmoja na vyote vinanigonga kila ninapopanda. Suruali iligandana na kidonda. Nimeibandua kwa maji ya moto huku natukana peke yangu. Msimamizi kasema mwisho wa mwezi asiyeweza kupanda nguzo arudi kwao. Kwetu Singida mvua imegoma. Sirudi.

Jumatano, 7 Juni

Nimejaribu blanketi lililokunjwa, nikalifunga chini ya mkoba. Nikiwa juu ya nguzo likateremka mpaka gotini. Gwandu, anayenishikia kamba chini, alicheka nusura aiachie. Eti, "Kaka, umejifungua salama?" Mjinga yule.

Alhamisi, 8 Juni

Leo sponji ya kiti cha Landrova. Imekunywa ukungu wote wa Ngorongoro. Mguu umelowa mpaka kwenye soksi. Kidonda kinanuka.

Jumamosi, 10 Juni

Nimepata!

Nilikuwa bombani Karatu, nafua. Kinamama wanajitwisha ndoo. Chini ya ndoo kuna ngata, kitambaa kilichosokotwa kwa duara, katikati wazi. Mzigo unakaa pembeni, utosi haubanwi. Wiki nzima nahangaika na unene, kumbe dawa ni tundu! Nimechora kwenye karatasi ya sukari. Duara la ngozi ya kondoo, manyoya yaelekee mwilini, turubai kwa nje. Tundu la kadiri ya yai la kuku, mfupa ukae humo usiguswe na kitu. Mikanda miwili: mmoja unashika mkanda wa kiunoni, wa pili unazunguka paja ili isipande. Imebaki ngozi tu.

Jumatatu, 12 Juni

Tumevuta waya upande wa Endabash. Kuna nyumba kando ya njia, ngozi ya kondoo imeanikwa kwenye ua. Matawi mabichi yamelazwa kukatiza njia ya kuingilia. Nikadhani ni ya kuzuia mbuzi. Nikapiga hodi. Mwanamke alikuwa uani, akanigeuzia mgongo. Nikamwambia naomba ngozi, nakupa mche wa sabuni. Hakujibu. Nikarudia. Kimya. Basi, kunyamaza ni kukubali. Nikaweka sabuni juu ya nguzo ya ua, nikachukua ngozi. Gwandu alikuwa mbali akivuta waya, hakuniona.

Jumanne, 13 Juni

Waya umeisha, tumeshinda kambini. Nimeshona kutwa kwa sindano ya magunia. Vidole vinauma lakini kitu kimetoka kizuri.

Jumatano, 14 Juni

Nguzo sita! Mkoba kama haupo. Gwandu kaipa jina: "Ngata ya kiunoni! Na mtungi uko wapi, mama?" Acheke tu. Nina furaha kama mwehu.

Ijumaa, 16 Juni

Kuna jambo silielewi. Ndani ya tundu, mahali ambapo hapatakiwi kugusa kitu, kuna kitu kinagusa. Kama kidole gumba. Kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza. Nilishuka nikaingiza kidole. Hamna kitu. Manyoya yana joto, lakini mwili wangu nao una joto.

Jumatatu, 19 Juni

Kimebonyeza kutwa. Kikibonyeza, maumivu yanaisha. Saa nne ukungu ulikuwa mzito, nikawa simwoni Gwandu wala ardhi. Gumba likakaza kidogo. Nikasikia mtu anasema "Asante." Ilikuwa sauti yangu. Nimeogopa sana.

Jumanne, 20 Juni

Ngata nimeiacha kambini, kwenye msumari. Nimerudi mchana, kambi tupu, baridi ya kung'ata. Nimeishika. Ina joto. Manyoya kuzunguka tundu yamelala, kama yametoka kupapaswa sasa hivi.

Jumatano, 21 Juni

Gwandu kaniuliza ngozi nimeitoa wapi. Nikamwambia. Akatupa kamba chini. Namshukuru Mungu sikuwa nimepanda.

Gwandu ni Mwiraqw wa hukohuko. Kasema ile nyumba imefiwa, iko kwenye metimani. Wafiwa wanajitenga na watu miezi mingi. Haiingiliwi, hakitoki kitu, na mjane haongei na mgeni. Matawi njiani ndiyo alama. "Hata mtoto anajua!" Mimi Mnyaturu ningejuaje? Nilidhani amekubali, kumbe alikuwa hana ruhusa ya kukataa. Naona aibu.

Kala peke yake. Hanishikii kamba mpaka niirudishe. Na bila kamba hakuna kupanda, na bila kupanda ni Singida.

Alhamisi, 22 Juni

Nimefumua mikanda na turubai, nikaenda. Sabuni ilikuwa pale pale juu ya nguzo, haijaguswa. Nikatundika ngozi kwenye ua. Nilikuwa nimeshageuka aliposema, japo ni mwiko, bado kanipa mgongo:

"Mume wangu aliumwa hapo. Nyonga ya kulia. Miezi minne nilimbonyeza kwa gumba, mpaka siku aliyokata roho."

Sikuwa nimemwambia kitu kuhusu nyonga.

Kisha akauliza, "Na wewe imeanza lini?"

Nilitoka mbio, mtu mzima mimi.

Jumanne, 27 Juni

Ngata mpya, ngozi ya mbuzi kutoka buchani. Kipimo kilekile. Gwandu kanishikia kamba, tumekula pamoja. Tundu ni tundu, halina kitu. Kidonda kimefunga kabisa.

Lakini maumivu yamehamia ndani ya mfupa. Jioni nimevua mkoba, mkanda, kila kitu, nikalala chali. Bado. Si mkoba.

Jumatano, 28 Juni

Zahanati. Mganga kabonyeza hapa na pale, hakuona kitu. Aspirini. Sikumwambia habari za yule marehemu. Naogopa kufa.

Ijumaa, 30 Juni

Msimamizi kanibakiza kazini. Nimemshukuru, nikaomba ruhusa ya mchana, nikatembea mpaka Endabash nikichechemea. Sikupeleka kitu. Nimekaa chini nje ya ua, bila kuvuka matawi. Yeye alikuwa uani na ungo, anapukuchua mahindi. Alinitazama mara moja, akaendelea. Anasukuma punje kwa gumba, mstari kwa mstari, polepole. Kila aliposukuma, mfupa ulilegea kidogo. Nilikaa mpaka gunzi la mwisho.