Kengele Moja kwa Boti Mbili

Jumanne, 14 Mei

Nimeshinda! Na kwa kura nyingi. Deon, mwenyekiti wa klabu yetu ya boti, alitaka kila mwenye boti anunue kengele yake – kile kisanduku cha njano kinachowatumia waokoaji ishara ukipata ajali baharini. Randi elfu saba na nusu! Ndani kuna betri, taa na waya. Nikasimama, nikauliza nani anakula hiyo faida. Mwenye yoti ya kifahari bei haimuumi. Lakini Gielie, jirani yetu, anatengeneza friji za watu, na boti ndiyo starehe yake pekee. Afanyeje? Abaki ufukweni akiwapungia wenzake mkono?

Pendekezo langu limepita: boti mbili zitoke pamoja na kengele moja, zisipotezane machoni. Klabu ndiyo itanunua. Ya kwanza inasajiliwa kwa jina langu – mwenye hoja abebe mzigo wake, kasema Deon. Kisha kanichokoza: “Dada Retha, ukizama utawatumia waokoaji makala?”

“Na wewe utaelea juu ya pochi lako!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata yeye, kidogo.

Alhamisi, 16 Mei

Makala yangu kuhusu bei ya kengele imetoka gazetini. Mhariri kakata aya ya waagizaji wa bidhaa. Mwoga! Ockert, mume wangu, kaisoma kwa sauti huku ananyoa ndevu, kisha kadai kikombe cha pili cha kahawa: mume wa mwanasiasa naye ana haki zake. Jumamosi anatoka na Gielie. Samaki wamefika.

Jumamosi, 18 Mei

Nimewasindikiza mpaka kwenye mteremko wa kushushia boti. Bahari imetulia kama maji ya beseni. Wamerusha sarafu kuamua kengele ikae boti ipi. Ockert kashinda, akainyanyua juu kama kombe la raga. Deon alikuwa pale anaosha boti yake, kengele yake mpya imefungwa kando ya usukani – ili niione, bila shaka! Sikumsemesha.

Ukungu umeingia. Siuoni hata ukuta wa jirani.

Mchana

Simu kutoka kituo cha waokoaji, Cape Town. Sauti ya binti, imetulia. “Mama, kengele iliyosajiliwa kwa jina lako inatoa ishara. Uko baharini?”

“Niko jikoni, nakaanga samaki!”

“Basi anayo nani?”

Mume wangu. Nimemwambia yote – boti nyeupe, mstari wa kijani, mtu mmoja. Kasema mahali ishara inapotoka panajulikana, helikopta imeruka. Nimekaa chini, nasema: unaona, Deon? Imefanya kazi! Moja imetosha!

Baadaye

Wameifikia. Boti ni ya bluu.

Gielie. Mzima, injini inanguruma, hana hata mkwaruzo. Kawaambia kwa redio kwamba walipokuwa wanatoka bandarini Ockert alimrushia ile kengele: “Chukua wewe, jirani, injini yako inakohoa.” Ukungu ukawatenganisha. Kamwita redioni – hajibu. Akaita mpaka sauti ikakauka, ndipo akabonyeza. Hakuna kingine alichoweza kufanya.

Sarafu alishinda yeye! Kwa nini uigawe, mwanaume wewe?

Bei bado ni wizi. Naliandika hapa na sitalifuta. Elfu saba na nusu ni wizi.

Deon kapita mlangoni, hakuingia. Viatu vya mpira tayari miguuni. “Nashusha boti, Dada. Walionana mara ya mwisho wapi?” Nilijiandaa kwa dhihaka yake. Hakutoa. Afadhali angeitoa. Nimemwonyesha kwenye ramani kwa kidole.

Binti wa Cape Town yuko kwenye simu tena. Kanisihi nisikate, anazungumza na rubani. Nimeibana simu kwa bega, naandika ili mkono uwe na kazi. Samaki wameungua. Nasikia anamwambia mtu kwamba eneo ni kubwa mno, mafuta ya helikopta hayatoshi kulizunguka lote, wanahitaji pa kuanzia.

Amerudi. “Mama, samahani, nijaze hapa. Boti ya pili – ya mume wako – nayo ina kengele yake?”

Anangoja.

“Mama? Upo?”