Kabati la Mama Msimu Huu wa Baridi

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili asubuhi, tarehe tisa.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili. Hamjambo wote? Kifua cha yule mdogo kimepona? Mara ya mwisho nilimsikia akikohoa nyuma yako kwenye simu huku wewe ukiongea bila kupumua, nikasema maskini mtoto huyu, hata nafasi ya kukohoa hapati. Usinune, nakutania tu.

Sisi huku wazima. Baridi imekaza kwelikweli. Asubuhi vioo vya madirisha vinatoka jasho, na wateja wangu wangependa niwanyoe kofia zikiwa kichwani. Wifi yako hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Na Mama, ambaye najua umeruka mistari yote hii ukimtafuta yeye, Mama mzima. Sasa rudi mwanzo usome vizuri.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Tulikubaliana, mimi na wewe, kwamba msimu huu ukiisha Mama akiwa bado hawezi kuvaa mwenyewe na kutoka mwenyewe, utakuja umchukue akaishi kwako moja kwa moja. Sikukubali shingo upande. Tangu mkono wake wa kushoto ulipolegea alikuwa hatoki kabisa. Anashinda dirishani na gauni la kulalia, shali mabegani, ukimwambia twende hata dukani anasema kuna baridi. Mama huyuhuyu aliyekuwa hapiti kwenye kioo bila kusimama! Iliniuma sana, na wewe kwa huo umbali najua ilikuuma zaidi.

Zile nguo mpya za kunatanisha, zisizo na vifungo wala zipu, ulizosema utatuma, ahsante, lakini zishikilie kwanza. Kabati la Mama limejaa. Wifi yako na mimi tulitoa kila kitu tukatandaza kitandani: sweta la kijani la vifungo, masweta mawili ya kuingiza kichwani, sketi nyeusi ya lastiki, sketi ya sufu ya miraba, gauni la kijivu, kizibao cha pamba chenye maua makubwa, koti refu zito, na skafu nyingi kuliko shingo za ukoo mzima. Nguo zilikuwepo. Kilichokuwa kinamshinda ni vifungo na zipu.

Yule mtaalamu wa mazoezi anayekuja kumnyoosha viungo alitufundisha kitu kimoja ambacho mimi kwa umri huu nilikuwa sikijui. Wakati wa kuvaa, mkono mgonjwa ndio unatangulia kuingia. Wakati wa kuvua, ndio unatoka wa mwisho. Mama alijaribu na masweta yale mawili, akaweza. Basi tukampelekea fundi cherehani wa hapa chini lile la kijani, akalishona mbele likafungika moja kwa moja, vifungo vikabaki pambo, siku hizi linaingia kichwani kama mengine. Sketi ya miraba akaitoa zipu akaitia lastiki. Lile koti zito tuliliacha, maana lilikuwa linamwelemea begani. Fulana ya mikono mirefu, sweta juu yake, kizibao juu ya sweta, joto ni lilelile na mwili unakuwa mwepesi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Unanijua, kinyozi ni kinyozi. Mimi siwezi kuanza kazi kabla sijapanga mashine, mkasi, kitana na brashi kwa mstari, kila kimoja mahali pake. Nikampangia Mama vivyo hivyo. Kila hanga nguo za siku moja, kamili, rangi kwa rangi: kijani na kijani, kijivu na kijivu, nyeusi na nyeusi. Kila asubuhi namwekea kitini zikiwa zimefuatana, ya kuvaa kwanza iko juu. Nilijiona fundi. Wifi yako alisema nimemvalisha Mama kama mlango uliopakwa rangi, nikanuna mpaka chakula cha jioni.

Mama alikuwa anavaa kama nilivyopanga. Tunashuka wote ngazi, tunafika ukingoni mwa barabara, anasimama. Anaangalia huku, anaangalia kule, anasema amechoka, anarudi juu. Kesho yake hivyohivyo. Kila siku nikawa najisemea moyoni, basi, dada yangu atamchukua, hakuna namna.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita bomba la maji la duka langu la kunyoa lilipasuka. Nikatoka mbio asubuhi na mapema, sikumpangia nguo wala sikukumbuka. Kama saa nne hivi nina mwalimu mstaafu kwenye kiti, nusu ya uso ina povu, mlango ukafunguka. Ni Mama. Peke yake. Alikuwa amevaa sweta la kijani, sketi ya miraba, soksi nzito na zile buti za kuvuta, zisizo na kamba. Skafu nyekundu hakuifunga, maana fundo linataka mikono miwili. Alikuwa amepitisha ncha zote mbili kwenye pete ya pazia akaivuta mpaka kidevuni. Akatusalimia, akauliza habari za kazi, akakaa kwenye benchi na wateja kama mtu aliyekuja kunyolewa.

Furaha niliyoipata siwezi kukueleza. Nilitaka niache wembe nikamkumbatie. Halafu akageuza shingo, nikaona lebo. Kizibao alikuwa amekivaa nje-ndani, maua yote yako ndani, bitana ya kahawia iko nje, na lebo inaning'inia kisogoni. Roho ikanishuka. Nikajua sasa akili nayo inafuata mkono. Mwalimu alinitazama kupitia kioo, akainamisha macho. Nami nikaendelea kumnyoa.

Jioni nikamweleza wifi yako jikoni. Akaniambia nimuulize Mama mwenyewe kwanza. Nikamjibu hakuna cha kuuliza, nimeona kwa macho yangu. Nikashika simu nikupigie uje umchukue, usingoje hata msimu uishe. Simu yako inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Chiriku, tangu uzaliwe nimekuwa nikilalamikia mdomo wako, safari hii nakushukuru.

Asubuhi yake nikapiga moyo konde. Mama alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia taratibu, kwa ile sauti tunayosemea na watoto wadogo, kwamba jana kizibao alikigeuza. Akaweka kikombe chini akaniangalia mpaka nikajisikia mjinga. Akasema ndiyo, amekigeuza, tena kwa makusudi. Maua makubwa yale na miraba ya sketi vingegombana, na sweta la kijani lingekuwa la kuamulia ugomvi. Bitana imetulia, inakubaliana na kila nguo.

Kisha akainuka akakileta anionyeshe. Kile kizibao kina mfuko mmoja tu, wa ndani, upande wa kushoto, ambao mkono wake wa kulia ulikuwa lazima ukivuke kifua na kupenya chini ya nguo ndipo uufikie. Ukikigeuza, mfuko unakuja nje, tena unahamia kulia. Ufunguo, leso na miwani vyote anavichukua mwenyewe bila kumwita mtu. Alianza kuvaa tulipotoka tu, akajitazama kwenye kioo, akavua, akavaa tena, ndiyo maana akafika saa nne. Nikamuuliza, na lebo je? Akasema lebo kweli aliisahau, na kwamba aliamini mtoto wake mwenye mkasi angeitoa badala ya kukaa kimya mchana kutwa. Nikaitoa palepale.

Nikamuuliza sasa kwa nini siku zote zile alikuwa anafika barabarani anarudi. Nilidhani atasema baridi. Akasema:

"Mwanangu, ulikuwa unanivalisha vizuri. Lakini nikifika pale chini nilikuwa naona anayetoka ni wewe, siyo mimi. Nikawa narudi."

Mdogo wangu, nililia. Sikufichi. Nililia na chai mkononi, na Mama akanipangusa kwa kutumia pindo la shali kama zamani, akaniambia niwahi dukani.

Tangu siku ile hanga zangu zote nimezivuruga, kila nguo inakaa peke yake. Juzi alivaa gauni la kijivu na sweta fupi juu yake, ungeapa ni sketi. Jana kizibao kilirudi na maua yake nje, kwa sababu sketi ilikuwa ile nyeusi. Siyo kila siku anapatia. Kuna asubuhi alitoka na zambarau juu ya nyekundu, wifi yako akauma midomo, nami nikajifanya natafuta viatu. Kazi yangu imebaki kufungua makopo yenye vifuniko vigumu. Akichelewa ngazini nasimama nyuma ya mlango nikisikiliza hatua zake, lakini sifungui.

Ilibidi nimwambie makubaliano yetu, mimi na wewe. Nisingeweza kuendelea kumtazama usoni huku nimeficha jambo linalomhusu yeye. Niliogopa nimemvunja moyo. Hakukukasirikia, usiwe na wasiwasi. Alisema tu kwamba tungemuuliza yeye kwanza.

Nisalimie sana shemeji, na mwambie ndevu zile alizoziweka kwenye picha nimeziona, nikimkamata sitamwacha. Wabusu wapwa zangu. Wifi yako anakusalimu, na soksi ulizomtumia hazivui hata kitandani. Fundi cherehani na mwalimu mstaafu nao wanakusalimu.

Salamu za mwisho ni za Mama. Amesimama nyuma yangu, ameshavaa, ananihimiza nimalize twende matembezini, na amenitaka niandike kama anavyosema, nisiongeze langu:

"Mwambie nitakuja. Nguo zangu nitafungasha mwenyewe. Nitakaa mpaka nitosheke na wajukuu, halafu nitarudi kwangu. Aniandalie chumba cha mgeni, siyo cha mgonjwa."

Mungu awatunze nyote mpaka tuonane.

Wako akupendaye daima,
Kaka Kinyozi